Profesa wa Inzi

Wako watu ambao wakisikia neno profesa hufikiri ni mtu wa kukaa na vitabu tu. Theodosius Dobzhansky alikaa na inzi. Tena si inzi hawa wa jikoni, bali wale wadogo mno wanaorukaruka juu ya ndizi zilizoiva. Wapika pombe ya ndizi wanawajua sana.

Alizaliwa mwaka 1900 katika Ukraine, iliyokuwa chini ya mfalme wa Urusi, akasoma katika mji wa Kiev. Mwaka 1927 alivuka bahari kwenda New York kwa Profesa Morgan, bingwa wa elimu ya urithi, na mwaka uliofuata wakahamia California.

Zamani wataalamu wengi walidhani viumbe hubadilika polepole mno, hata hapana mtu awezaye kuyaona mabadiliko hayo katika maisha yake. Dobzhansky alitaka kuyaona. Alitega inzi katika mlima wa San Jacinto mwezi hata mwezi, akazichunguza kromosomu zao kwa hadubini. Kromosomu ni nyuzi ndogo ndani ya mwili zinazochukua urithi wa wazazi. Katika inzi wengine kipande cha uzi kimegeuzwa, mwisho wake umekuwa mwanzo. Basi aina za nyuzi ni nyingi. Akaona kwamba toka Machi hata Juni aina moja hupungua na nyingine huongezeka. Joto likizidi, ile ya kwanza hurudi!

Akafuga inzi kwa maelfu ndani ya makasha ili ajue sababu. Katika baridi ya digrii 16 na nusu hapakuwa na badiliko. Katika joto la digrii 25 aina ile ya kwanza iliongezeka hata karibu 70 katika 100, kisha ikasimama. Kusimama huko ndiko kunakonishangaza mimi. Kwa nini isiimalize kabisa ile nyingine? Kwa sababu inzi aliyerithi uzi mmoja wa aina hii na mmoja wa aina ile aliwashinda wote waliorithi aina moja tu. Kwa hiyo tofauti si uchafu wa kuondolewa, ni akiba. Mwaka 1946 yeye na mwenzake Dunn walitoa kitabu kuwapinga wale wanaojisifu kuwa taifa lao lina damu safi.

Wakati huo alikuwa profesa wa Columbia, kazi aliyoishika tangu 1940 hata 1962. Huko Urusi mambo yalikuwa mabaya. Vavilov, mtaalamu mkubwa wa mbegu, alikamatwa mwaka 1940, akafa gerezani mwaka 1943. Lysenko, aliyeikataa elimu ya jeni, alisikilizwa na serikali, na mwaka 1948 elimu hiyo ikapigwa marufuku. Dobzhansky alikuwa amekwisha kukifasiri kitabu cha Lysenko kwa Kiingereza, watu wajisomee wenyewe. Mimi naona jibu hilo lilikuwa kali kuliko matusi.

Alifariki California mwaka 1975. Urusi hakurudi tena.