Harufu iliyonirudisha mlangoni



Hivi karibuni nilitembelea familia moja mjini Bunda. Tukiwa barazani nikasikia harufu ya mzoga. Nilidhani panya amefia darini. Mama mwenye nyumba akacheka kwa aibu: "Utusamehe, Baba, ni ua langu hilo."

Kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga na kokoto palikuwa na mmea usio na majani, wenye mashina manene ya pembe nne. Ua moja lilikuwa limefunguka, pana kuliko sahani, lenye ncha tano kama nyota, rangi ya manjano iliyofifia na mistari myekundu, lina vinyweleo kama ngozi ya mnyama. Wataalamu huuita Stapelia gigantea. Kuupanda si kazi: unakata kipande cha shina, unakiacha kikauke siku chache, unakichomeka mchangani na kukimwagilia maji kidogo.

Mbona linanuka? Ua hili linawaita nzi wapendao nyama iliyooza, maana hao ndio wanaobeba chavua yake. Nzi huja akifuata kifo, kumbe anatua juu ya ua hai. Bila wao lisingepata mbegu.

Harufu ile ilinikumbusha mlango mwingine. Nikiwa padre kijana niliitwa kijiji kimoja cha Butiama kumpaka mgonjwa mafuta. Alikuwa bibi mwenye kidonda cha mguu kilichooza. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema taratibu: "Usikae, Baba. Nanuka."

Sikukaa. Nilisali haraka haraka, nikampaka mafuta, nikaondoka. Kigoda alichoandaliwa padre kikabaki kitupu. Nikajiahidi kurudi Jumapili. Alizikwa Ijumaa.

Martha naye alimwonya Bwana kwamba ndugu yake ananuka, siku ya nne kaburini (Yn 11:39). Yesu hakurudi nyuma. Mtakatifu Damiani wa Molokai, aliyeishi na wakoma kuanzia 1873 hadi kifo chake 1889, aliona harufu ya vidonda vyao ni ngumu kuvumilia, akaanza kuvuta kiko ili aweze kukaa nao. Hakujifanya hasikii. Alitafuta njia ya kubaki.

Ndugu yangu, sisi watu wa Musoma tumezoea harufu ya dagaa pale Mwigobero. Tunaivumilia kwa sababu kuna riziki. Mgonjwa je? Nzi hudanganywa na ua. Sisi hatukudanganywa: Kristo alisema wazi kwamba anayemtazama mgonjwa amemtazama Yeye (Mt 25:36).

Katika jumuiya yako yupo ambaye watu humsalimia dirishani tu. Leo baada ya Misa, nenda. Akikuambia usikae, vuta kigoda ukae.

Dominika njema.