Mume Anapomsahau Mkewe



Mara mbili ndani ya Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nahl na katika Suratul-Hajj, Mwenyezi Mungu anatutajia wale wanaofikishwa katika umri ulio duni hata elimu yao ikawatoka. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo. Basi jambo hili si aibu, wala si la kufichwa nyuma ya mapazia. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na maradhi haya ya kupotewa na kumbukumbu, yaani dimenshia, na wengi wao wamo katika nchi kama zetu.

Tulipofika Kisii kwa ajili ya daawa, tulikaribishwa katika nyumba moja karibu na soko la Daraja Mbili. Mwenye nyumba alikuwa fundi cherehani, mtu wa hesabu na ucheshi. Leo hamtambui mkewe. Humwita "mama," kama alivyozoea kuwaita wateja wake, na humuuliza mumewe yuko wapi. "Ameenda msikitini, atarudi sasa hivi," hujibu bibi yule, akamletea chai. Siku moja mzee alimwambia: "Mumeo ana bahati, mama. Chai hii tamu!" Bibi alitusimulia haya huku akicheka.

Kisha akatuuliza: "Sheikh, je, nasema uongo?" Tulimkumbusha hadithi ya Ummu Kulthum binti Uqba (R.A.), iliyomo katika Sahihi Muslim, ambamo maneno ya mume kwa mkewe na ya mke kwa mumewe yametajwa miongoni mwa mambo yaliyopewa ruhusa. Kumwambia mgonjwa kila siku kwamba amesahau ni kumtia msiba mpya kila siku, na sisi hatuoni faida yake.

Akili imemtoka, mikono bado inajua. Jioni bibi humpa mashati ya mitumba aliyobakiwa nayo sokoni, naye huyakunja, ukosi juu, vifungo vyote vimefungwa, kwa umahiri ambao vijana wa siku hizi hawana. Akimaliza, bibi huyakung'uta chumba cha pili na kumrudishia. Wote wawili huridhika.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu za huzuni na za furaha. Baada ya muda mfupi wagonjwa walikuwa hawazikumbuki sawasawa, lakini hisia ziliwabaki. Kwa hiyo mama anayelalamika kwamba wema wake hausaidii, kwa kuwa mume atausahau, na ajue kuwa utulivu wake humkaa mgonjwa hata baada ya sababu yake kusahaulika. Katika Suratur-Rum Mola wetu ametaja baina ya wanandoa mapenzi na huruma pamoja. Mapenzi yasipojibiwa, huruma ipo.

Na sala? Asiye na akili kalamu imeondolewa kwake. Akisali Adhuhuri mara mbili, mwacheni. Akili ikimrudia ndani ya wakati, asali. Wakati uliompita akiwa hana akili hadaiwi.

Tusikimbilie kusema ni jini. Mpelekeni hospitali mapema, kwani usahaulifu mwingine hutokana na upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo au hata dawa anazotumia, na huweza kutibika.

Lipo zito zaidi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, katika kaunti hiyo hiyo ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Hatusemi kwamba walikuwa na maradhi haya. Lakini mzee anayezurura usiku, anayebisha mlango usio wake na kusema peke yake, ni nani atakayemtetea ikiwa jamaa zake wamemficha?

Bibi wa Daraja Mbili hakuficha. Aliwaeleza majirani, Waislamu na wasio Waislamu, mlango kwa mlango. Siku za soko kubwa kina mama hupokezana kukaa na mzee ili yeye akauze. Vijana wa bodaboda nao wanamjua. Wakimkuta njiani humpakia na kumrudisha, naye hudhani anapelekwa kumpima mteja suruali.