Je, Umesoma Chupa ya Oili ya Pikipiki Yako?

Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, pikipiki imekuwa miguu ya watu wengi. Inapeleka maharage na mihogo sokoni Makere. Inamtoa mama mjamzito Mabamba usiku na kumfikisha hospitali ya Kibondo. Wengine wameinunua kwa mavuno ya kahawa, wengine kwa mkopo wa kikundi. Wengine wanaiendesha kwa mkataba, na kila juma wanapeleka hesabu kwa mwenye chombo. Injini ikinoki, kazi inasimama lakini deni halisimami.

Kitu kimoja kinachoua injini mapema ni oili isiyo yake. Basi leo tujifunze jinsi ya kuhakikisha kwamba fundi ametia oili inayotakiwa.

Oili inafanya kazi gani?

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika moja. Chuma kinapita juu ya chuma. Oili hukaa katikati ili visilane. Pia inapunguza joto na kuondoa uchafu.

Katika gari la gia za mkono, kwa kawaida klachi hukaa pakavu, mbali na oili ya injini. Katika pikipiki nyingi za gia sivyo. Oili ileile inalainisha injini, inalainisha gia, na klachi nayo imezama humohumo. Hapo ndipo penye hatari. Oili nyingine za magari zimetiwa dawa ya kuzifanya ziteleze zaidi, ili gari litumie petroli kidogo. Kwa gari ni jambo jema. Lakini klachi ya pikipiki inatakiwa kushika, siyo kuteleza. Ukitia oili hiyo, utapanda milima ya Heru Juu injini ikinguruma, na pikipiki haiendi.

Watengenezaji wa Japani waliliona tatizo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaweka alama maalumu ya oili za pikipiki. Alama hiyo ni JASO. Pikipiki ya klachi ya kuzama kwenye oili inatakiwa JASO MA au MA2. Ukiona MB, hiyo ni ya pikipiki zisizo na klachi ya namna hiyo. Iache.

Namba zina maana gani?

Kwenye chupa utaona namba kama 20W-50. Fikiria mafuta ya mawese. Asubuhi ya baridi yanaganda. Ukiyaweka motoni yanakuwa mepesi kama maji. Oili nayo hubadilika kwa joto. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza uzito wake wakati wa baridi. Namba ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa moto. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi.

Je, nzito ndiyo bora? Hapana. Bora ni ile iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako. Pikipiki moja huandikiwa 20W-50, nyingine 10W-30. Kama kitabu kimepotea, muulize wakala anayeuza pikipiki za aina hiyo.

Fanya hivi

1. Nunua oili mwenyewe, katika duka unalolijua. Chupa iwe na kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Tazama alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Usinunue oili ya kupimiwa kutoka kwenye dumu. Huwezi kujua ni ya nini, wala kama ni oili chakavu iliyochujwa.

2. Soma namba na herufi zote. Zilinganishe na zile za kitabu. Usitazame picha tu. Picha ya pikipiki yeyote anaweza kuibandika.

3. Simama karibu na fundi. Mwambie kwa upole: "Fundi, oili nimekuja nayo. Naomba umwage ya zamani mbele yangu." Hilo si tusi. Fundi mwaminifu hatakasirika.

4. Oili ya zamani imwagwe injini ikiwa na joto kidogo, ili ishuke na uchafu wake. Ikingwe kwenye chombo. Isimwagwe chini, maana itafika kwenye chemchemi tunamochota maji.

5. Itiwe kwa kipimo cha kitabu. Kisha pima pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Oili iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Kuzidisha nako ni kosa.

6. Chupa tupu itoboe au uikate. Ukiitupa nzima, mlaghai anaweza kuijaza oili mbovu na kumuuzia jirani yako.

7. Andika kwenye daftari tarehe, kilomita na aina ya oili. Pikipiki mpya hubadilishwa oili mapema, mara nyingi kati ya kilomita 500 na 1,000 za mwanzo. Baada ya hapo fuata kitabu. Kama unabeba mizigo mizito milimani na kwenye vumbi, usingoje mpaka siku ya mwisho.

Dalili za hatari

Klachi inateleza. Gia zinaingia kwa shida. Injini inapata joto kupita kawaida au inagonga. Moshi wa buluu unatoka. Ukiona mojawapo, simama. Pima oili kwanza, kisha mwone fundi. Usiseme, "Nitamaliza safari hii tu." Safari hiyo moja yaweza kugharimu injini nzima.

Ndugu msomaji, zamani ulipokea chupa ukaamini ulichoambiwa. Sasa unajua kusoma. Herufi zile ndogo zimeandikwa kwa ajili yako. Zisome kabla kifuniko hakijafunguliwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini oili nzuri ya gari yaweza kuharibu klachi ya pikipiki?
2. Katika kijiji chenu, oili inauzwaje? Kwa chupa au kwa kupima?
3. Je, wenye pikipiki mnaweza kuchanga fedha na kununua oili inayotakiwa kwa pamoja?