Lugha Haimwondolei Mtu Ugeni

Wengi hudhani kwamba Mmarekani akienda Italia kufundisha Kiingereza, milango yote hujifungua. La hasha! Yeye si raia wa Umoja wa Ulaya. Sharti apate viza, kisha aombe kibali cha ukaazi katika siku 8 za kazi tangu kuingia nchini. Kwa hiyo aghalabu shule za kibinafsi humpendelea Mwairlandi, asiyehitaji viza. Wanafunzi wengi ni wafanyakazi. Basi vipindi huwa jioni, na mchana mwalimu hutoka ofisi hii akaenda ile. Agosti watu huenda likizo, na alipwaye kwa saa hubaki mikono mitupu. Walimu wenzangu, kuzaliwa na lugha ni jambo moja. Kupata riziki kwayo ni jingine.