UKIITWA KUSEMA JU YA AKSIDENTI YA KAZI



Kila mara katika ukurasa huu tunakukumbusha kofia, viatu na miwani. Leo tunasema ju ya jambo lingine linaloweza kukulinda ao kukupoteza: maneno yako, siku unapoulizwa namna aksidenti ilivyotokea.

Siku hiyo inaweza kumfikia kila mmoja wetu, aliyeumia na aliyeona. Jiwe limeanguka mahali pa kuchimba kasiteriti, mkanda wa masini umekamata mkono, kamioni imepinduka njiani ya Kalima. Kidonda kikisha kufungwa, maulizo yanaanza. Kwanza ni shefu wako na mtu wa usalama, kisha mkaguzi wa kazi. Kama mtu amekufa ao ameumia vibaya, OPJ anaweza kuja kuandika PV. Watu wasipopatana ju ya malipo, wanapita kwanza mbele ya mkaguzi wa kazi kutafuta mapatano. Hayo yakishindikana, mambo yanaenda tribinali.

Wengi wanaogopa. Wanawaza: "Nikisema sikuvaa kofia, sitapata kitu." Basi wanatia uongo mdogo. Sikiliza vizuri. Tangu sheria ya tarehe 29 Juni 1961, aksidenti inayompata mfanyakazi kazini ao kwa sababu ya kazi ni aksidenti ya kazi, hata kama yeye mwenyewe alikuwa na kosa. Sheria mpya ya tarehe 15 Julai 2016 inafuata njia ile ile. Hata anayeumia njiani akitoka nyumbani kwenda kazini, kama wenzetu wanaovuka Lualaba toka Alunguli, naye anahesabiwa. Aliyejiumiza kwa kusudi ni mambo mengine.

Shefu anaweza kukukaripia ju ya kofia, na ni haki yake. Lakini kofia hiyo haikunyimi msaada wa CNSS, ile iliyoitwa INSS mpaka 2018. Uongo ndio wenye hatari: ukigunduliwa, hata maneno yako ya kweli hayataaminiwa tena.

Basi shika haya:

1. Toa habari siku ile ile. Pita dispanseri hata kama kidonda ni kidogo. Sisi tunaandika kitabuni tarehe, saa, pahali na namna ulivyoumia. Usituambie ulianguka nyumbani kwa kumwogopa shefu. Miezi mitatu nyuma, mgongo ukikataa kuinama, kitabu kitasema "nyumbani", na hatuwezi kukibadilisha.

2. Sema ulichoona kwa macho yako. Kama ulisikia kishindo tu, sema ulisikia kishindo. "Watu wanasema" si ushuhuda.

3. "Sijui" ni jibu jema. Ukiulizwa kamioni ilikuwa na mwendo gani, nawe hukuona, usikisie. Kesho utaulizwa tena, na namba uliyobuni utakuwa umeisahau.

4. Jibu ulizo uliloulizwa, kwa maneno machache. Likirudi mara ya tatu usikasirike. Anayeuliza anapima kama jibu ni lile lile.

5. Usipange maneno na wenzako. Watu watatu wakisema sawasawa kama wimbo, kila mtu atajua wamefundishwa. Tena kusema uongo mbele ya tribinali ni kosa lenye kifungo.

6. Sema lugha unayoijua. Karatasi zinaandikwa kwa Kifaransa, lakini Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa letu. Hakuna haya kuomba mtu wa kutafsiri. Kabla ya kutia sahihi, omba usomewe yote kwa Kiswahili, toka mwanzo mpaka mwisho. Neno lisilo lako, omba lisahihishwe. Usitie kidole kwenye karatasi isiyoandikwa kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

7. Usiseme ukiwa mgonjwa sana. Kama maumivu ni makali, ao dawa ya usingizi haijatoka mwilini, omba siku ingine. Mganga anaweza kukuandikia karatasi. Siku ukienda, chukua karatasi zote za dispanseri, picha za radio, na majina ya waliokuwa pamoja nawe.

Mwisho, neno kwa wewe uliyeona tu, usiyeumia. Usijifiche kwa sababu kapita ni ndugu yako, ao kwa sababu unasema hayakuhusu. Mwenzako akifa kazini, mjane na yatima wake wana haki kwa CNSS. Lakini wao hawakuwa pale. Hawajui kama mti wa kushikilia ukuta ulikuwa umeoza, ao kama kengele ililia. Wewe unajua. Ukinyamaza, mama huyo atazunguka toka biro hii mpaka biro ile mikono mitupu.

Tena kuna faida nyingine. Mti uliooza, ukitajwa, utabadilishwa. Usipotajwa, kesho utamwangukia mwingine, na pengine ni wewe.

Kata karatasi hii, uiweke pamoja na kitabu chako cha dispanseri. Na kama kuna neno usilolifahamu, pita utuulize kabla ya siku ya kuitwa.

Usalama kwanza, na ukweli pamoja nao.