Kabla ya kuuza vigari kwa fungu, vigeuze utazame ekseli

BUJUMBURA – Mzigo wa mitumba unaoingia Bujumbura kutoka bandari ya Dar es Salaam huja kwa lori kupitia mpaka wa Kabanga na Kobero, au hushushwa Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika kwa meli. Ukifika kwenye ghala la Zone Industrielle na robota likafunguliwa, macho yote huenda kwenye nguo na viatu. Vitu vya kuchezea watoto huachwa mwisho. Hukusanywa kwenye gunia, vikauzwa kwa fungu au kwa kilo, na chini kabisa ya gunia hilo ndiko vilipo vigari vya chuma, vizito kuliko ukubwa wake, rangi imebanduka na kimoja hakina tairi.

Vingi kati yake vina thamani ndogo tu, na ni vizuri hilo lisemwe mapema. Lakini viko vichache ambavyo mkusanyaji wa Ulaya au Marekani atavilipia bei ambayo muuzaji wa fungu haioti. Kuvijua hakuhitaji kitabu kikubwa. Geuza kigari juu chini, soma maandishi ya kwenye sakafu yake, kisha tazama ncha za ekseli.

Vigari hivi vilitengenezwa kwa kuyeyusha madini yenye zinki nyingi na kuyasukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu moja ilitoa bodi zinazofanana kabisa kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni vitu vya chini, yaani ekseli, magurudumu na namna ya kuvishika, kwa sababu hapo ndipo kiwanda kilipoweza kupunguza gharama bila kuvunja kalibu ya bei ghali. Ndiyo maana bodi inaweza kukudanganya kuhusu umri wake, ilhali ekseli husema kweli mara nyingi zaidi.

Mfano mzuri ni Matchbox. Kampuni ya Lesney ya London ilianza kuuza mfululizo huo mwaka 1953, kila kigari ndani ya kiboksi kama cha kiberiti. Inasimuliwa kwamba binti wa fundi wao, Jack Odell, alisoma shule iliyoruhusu watoto kuja na kitu cha kuchezea kinachoenea ndani ya kiberiti tu, naye baba akamtengenezea kijimashine cha shaba cha kushindilia barabara. Biashara kubwa ikaanzia hapo.

Kwenye Matchbox za mwanzo, ekseli ilikuwa kipande cha waya mnene kilichopitishwa kwenye magurudumu, kisha ncha yake ikabanwa kwa mashine ikawa bapa kama mkia wa samaki. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 kiwanda kilibadili: ncha zikapondwa hadi zikawa na kichwa cha mviringo kama cha msumari. Magurudumu nayo yalipita hatua zake, kwanza ya chuma, kisha ya plastiki ya kijivu, halafu ya plastiki nyeusi.

Kiwanda hakibadilishi kila kitu siku moja, na fundi yeyote wa Buyenzi aliyewahi kufungua magari mawili ya mwaka mmoja akakuta vipuri tofauti analijua hilo. Kwa hiyo kuna kigari cha namba ileile na rangi ileile kinachopatikana na ncha bapa au ncha mviringo, na tairi za kijivu au nyeusi. Kwa mtoto vyote ni kitu kimoja. Kwa mkusanyaji, mchanganyiko uliotoka kwa muda mfupi ndio unaotafutwa.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 1968, kampuni ya Mattel ya California ilipoleta Hot Wheels. Ekseli zake zilikuwa waya mwembamba uliopindwa ili ucheze kama springi, na magurudumu yakazunguka juu ya bushi ndogo za plastiki. Vigari hivyo viliteleza mbali, na ghafla vya Lesney vikaonekana vizito na vya kizamani. Hot Wheels za kipindi hicho, hadi mwaka 1977, hutambulika kwa mstari mwekundu ubavuni mwa tairi. Baadaye ekseli ile ya kupindwa iliachwa ikawekwa iliyonyooka, iliyo rahisi kuunganisha. Kwa hiyo kigari chenye mstari mwekundu ambacho bado hunesa ukikibonyeza kwa kidole ni cha miaka ya mwanzo. Sakafuni huandikwa kama kimetoka Marekani au Hong Kong, na vya viwanda hivyo viwili hutofautiana katika vipande vidogo hata jina likiwa moja.

Lesney walijibu mwaka 1969 kwa Superfast, yenye ekseli nyembamba. Hawakutupa kalibu za zamani, bali walizirekebisha. Mercedes 230SL, namba 27, ipo ya ekseli nene na ipo ya ekseli nyembamba. Vigari vya kipindi hicho cha kuhama, takriban 1969 na 1970, ndivyo vya kutenga pembeni ukivikuta.

Kuna pia vigari vinavyoihusu kanda hii moja kwa moja. Mbio za East African Safari zilizovuka Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwavutia watengenezaji wa Uingereza. Volkswagen ilishinda mbio hizo mwaka 1954, 1957 na 1962, na katika miaka ya 1960 kampuni ya Corgi ikatoa Volkswagen 1200 ya Safari, ikiwa na sanamu ya kifaru kwenye boksi. Tairi la akiba lililo juu ya paa lake si pambo. Ukilizungusha, magurudumu ya mbele yanakata kona, na kwa hiyo ekseli ya mbele ya gari hilo ni tofauti na ya Volkswagen za kawaida. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973, na Corgi wakaitoa pia ikiwa na alama za Safari.

Palipo na bei, wajanja hawakosekani. Dalili ya ekseli iliyobadilishwa ni ile inayong'aa wakati bodi imechakaa, au ncha zenye makovu ya meno ya plaisi. Tazama pia ribiti za sakafuni. Zikiwa zimetobolewa, kigari kilishafunguliwa. Na wapo wanaoharibu kwa nia njema. Muuzaji hupiga rangi upya, hunyoosha ekseli, huvalisha tairi nyingine ili kipendeze, na hapo hapo anaua bei. Kiache kama kilivyo. Kama kina boksi lake la karatasi, lishike kama pesa.

Vya kabla ya Vita Kuu ya Pili, hasa Dinky zilizotengenezwa Liverpool, vina ugonjwa wao. Zinki ikichanganyika na uchafu kama risasi, chuma hupasuka nyufa chenyewe na kuvimba hadi ekseli inabanwa. Hakuna dawa. Rangi za zamani nazo mara nyingi zilikuwa na risasi, hivyo kigari kikuukuu kinachobanduka asipewe mtoto anayetia kila kitu mdomoni, hata kama hakina soko.

Lipo na suala la forodha. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kigari kilichoandikwa sakafuni kuwa kimetengenezwa Uingereza au Hong Kong hakigeuki kuwa cha Burundi kwa kukaa miaka mitano ghalani Bujumbura. Anayevipeleka Kigali au Nairobi avitaje kama bidhaa za nje zilizotumika, avihesabu kimoja kimoja, na abaki na picha ya sakafu ya kila kigari chenye thamani, ekseli zikionekana.