Kioo cha Kabati la Gemu: Chogo au Bapa?

Fedha za korosho zikibaki kidogo baada ya karo na bati za nyumba, vijana wa pwani yetu hawakosi jambo la kutengeneza. Siku hizi wako wanaotaka kujiundia kabati la gemu. Labda hujaliona bado. Ni kabati la mbao, kimo chake kama mtu mzima. Juu lina kioo, chini ya kioo kuna mpini na vitufe, na mchezaji husimama mbele yake. Makabati ya namna hii yalijaa Japani na Marekani baada ya mwaka 1978, ulipotoka mchezo wa Space Invaders wa kampuni ya Taito. Mwaka 1980 ukafuata Pac-Man wa kampuni ya Namco. Watu walitia sarafu, wakacheza. Sasa mtu hulijenga mwenyewe nyumbani, na ndani yake huweka kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani, mathalani Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012.

Kazi ya mbao seremala yeyote aijua. Penye shida ni kioo. Hapo ndipo fedha hupotea, na mara nyingine karibu roho ipotee.

Kijana mmoja jirani yangu alikata mbao zote kwanza, ndipo akaenda mjini Mtwara kutafuta kioo. Akapata televisheni ya chogo, inchi 21, kwa bei nafuu. Kufika nyumbani, chogo halikuingia kabatini. Basi akaamua kulivua ganda ili lipate nafasi. Televisheni ilikuwa imechomolewa umeme tangu asubuhi, naye akadhani imekufa kabisa. Alipougusa ule waya mnene unaoingia mgongoni mwa kioo chini ya kifuniko cha mpira, alitupwa mpaka ukutani. Alipona, lakini mkono ulikaa na ganzi siku nzima, na mama yake hakutaka tena kusikia neno kabati.

Sababu yake ni hii. Chogo ni chupa kubwa isiyo na hewa ndani. Ili picha iwake, hutiwa umeme wa volti 20,000 na zaidi. Chupa yenyewe huushika umeme huo kama mtungi ushikavyo maji, na kuchomoa waya ukutani hakuumwagi. Tena shingo yake ni nyembamba; ikigongwa, chupa yaweza kupasuka na kurusha vigae. Kwa hiyo ukitaka chogo, liweke kabatini pamoja na ganda lake zima, na upime kina chake kabla ya kushika msumeno. Kulifungua ni kazi ya fundi wa televisheni, si ya seremala wala ya mtoto mwerevu.

Utaniuliza, kwa nini basi watu walipende chogo? Kwa sababu michezo ile ilichorwa kwa ajili yake. Picha zake zilikuwa na nukta chache, na chogo huzilainisha, rangi zikayeyukiana. Kwenye kioo bapa nukta zile zile huonekana kama matofali yaliyopangwa. Zaidi ya hayo, chogo haliwazi. Ukibonyeza kitufe, picha huja papo hapo. Televisheni bapa nyingi huishika picha kwanza na kuipamba, ndipo ziitoe, na mchezaji huona mtu wake ameruka akiwa amechelewa. Na ile michezo ya zamani ya bunduki ya kulenga kioo hufanya kazi kwenye chogo tu. Mimi mwenyewe napenda chogo, sikufichi.

Ila litazame kabla ya kulipa. Liwe na matundu ya rangi, lile la njano kwa picha na yale meupe na mekundu kwa sauti. Waya wa kutoka katika ile kompyuta ndogo nao uulizie vizuri, maana nyaya za namna hiyo hufanana nje lakini hazikufungwa sawa ndani. Picha isipotoka, usimlaumu mwenye duka kabla ya kubadili waya. Jambo jingine: televisheni za kwetu zilifuata mtindo wa PAL, yaani picha 50 kwa sekunde, na michezo ya Japani na Marekani ilitoka kwa 60. Chogo za miaka ya mwisho nyingi hupokea zote mbili. Za zamani zaidi huweza kukuonyesha picha isiyo na rangi au inayozunguka, mpaka uibadilishe kompyuta itoe PAL.

Sasa twende kwenye umeme, maana hapa ndipo shauri langu hugeuka. Chogo la inchi 21 hula wati kama 70. Kioo bapa cha kompyuta cha inchi 17 hula kama 30. Mwenye waya wa TANESCO ataona tofauti kidogo tu. Lakini wewe uliye kijijini na betri ya jua, wati hizo ni taa za watoto kusomea. Viko pia vioo bapa vidogo vinavyotumia volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila kigeuza umeme. Hesabu na uzito. Chogo kama hilo lina kilo 20 hivi, karibu zote mbele kwenye kioo. Lifikirie nyuma ya pikipiki katika mchanga wa njia ya Msimbati, au likishushwa kwenye kivuko cha Msangamkuu.

Na chumvi je? Upepo wa bahari huiacha kila mahali. Chumvi ikichanganyika na vumbi penye volti zile nyingi, chogo huanza kutoa mlio kama wa mafuta ya kukaangia, na harufu kali. Ukisikia hivyo, zima. Bapa nalo huliwa na kutu, ila polepole zaidi. Kwa vyote viwili, toboa matundu ya hewa chini na juu ya kabati, uyafunike kwa wavu mwembamba. Mijusi hupenda joto.

Basi kwa nyumba nyingi za vijijini nashauri kioo bapa cha kompyuta ya ofisi, kilichokwisha tumika. Si kile kirefu cha siku hizi, bali kile kinachokaribia mraba, cha inchi 15 au 17. Umbo lake hukaribia lile la michezo ya zamani, na kwa kuwa hakipambi picha sana, hakicheleweshi sana. Pac-Man ilisimama wima, kwa hiyo wengine hukilaza kioo ubavu. Ukitaka hivyo, kigeuze papo hapo dukani na ukitazame ukiwa pembeni. Vingi vya zamani hufifia upande mmoja, na mwenzako aliyesimama kando hataona kitu. Omba waweke picha nyeupe tupu, halafu nyeusi, uone kama kuna nukta zilizokufa. Angalia pia tundu lake. Likiwa la VGA, utahitaji kigeuzi cha HDMI, na bei yake uiingize katika hesabu. Vipaza sauti mara nyingi havimo.

Yule jirani yangu aliishia kununua cha inchi 17, na kabati lake liko barazani. Chogo fundi alilirudishia ganda. Liko sebuleni, limeunganishwa na king'amuzi, na mama yake hulitumia kusikilizia taarifa ya habari.